Mafuta ghafi hubanika kiasi gani?

Nikizungumza na vijana wa Mtwara kuhusu mafuta ghafi, hakosi wa kuuliza: "Mtaalamu, sisi si tuna gesi tu?" Kweli, Songo Songo iligunduliwa 1974 na Mnazi Bay 1982, kote huko gesi. Lakini fundi wa hapa akipata kazi kwenye visima vya mafuta vya nje ya nchi, hesabu hii ataikuta mezani.

Mafuta yaliyo chini ya ardhi yamebanwa, na gesi imeyeyuka ndani yake kama soda isiyofunguliwa. Presha ikipungua, hutanuka kidogo, na huko kutanuka husaidia kuyasukuma kisimani. Ikishuka mpaka mapovu yatoke, mambo mengine: kubanika huongezeka ghafla, na fomula ya hapa chini haifai tena.

Jibu la uhakika hutoka maabara, sampuli ikibanwa hatua kwa hatua kwenye joto la kisimani. Pasipo sampuli, tunakadiria. Fomula inayotumika sana ni ya watafiti Vasquez na Beggs ya 1980.

Tuseme kila pipa lina futi za ujazo 500 za gesi iliyoyeyuka, joto nyuzi 200 za Farenhaiti, uzito wa gesi 0.8 ya hewa, na mafuta ya API 35 (kipimo cha wepesi wa mafuta: namba ikipanda, mafuta ni mepesi zaidi). Chukua 5 mara 500, ongeza 17.2 mara 200, toa 1,180 mara 0.8, ongeza 12.61 mara 35, kisha toa 1,433. Unapata 4,004. Gawa kwa presha iliyozidishwa mara 100,000. Presha ikiwa paundi 3,000 kwa inchi ya mraba, jibu ni 0.0000133: kila paundi moja inayopungua, mapipa milioni moja huongezeka kwa mapipa 13 hivi. Usilidharau. Mapipa milioni 100 yakishushwa kutoka paundi 4,000 hadi 3,000 huongezeka kwa zaidi ya mapipa milioni moja.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni vipimo. Ukiingiza 93 za Selsiasi badala ya 200, joto ni lilelile, ila jibu linashuka karibu nusu, na kikokotoo hakilalamiki.

Halafu fomula hizi zimetokana na mafuta ya kwingine. Mzoefu wa korosho hukadiria unono wa gunia kwa kuzishika tu, lakini akiletewa za shamba asilolijua, huomba kisu apasue chache kwanza.