Je, wajua kwa nini vidole vya mkono havina misuli ya kuvikunja?

Shika kigasha cha mkono wako wa kushoto, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kisha ukunje vidole vya mkono huohuo kimoja baada ya kingine. Utahisi nyama ikikaza na kulegea chini ya ngozi, mbali kabisa na vidole vinavyocheza. Nyama hiyo ndiyo misuli inayovikunja. Ndani ya vidole vyenyewe mna mifupa, viungo, mishipa ya damu, neva na mafuta, na misuli pekee iliyomo ni ile midogo mno ya kwenye kuta za mishipa ya damu na ya kusimamisha vinyweleo, ambayo haina uwezo wa kusogeza mfupa wowote.

Kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, mkono mmoja una mifupa 27 kati ya 206 ya mtu mzima. Minane ni mifupa midogo ya kifundo iliyojipanga safu mbili, mitano ni ya kiganja, na 14 iliyobaki ni pingili za vidole, ambapo kidole gumba kina pingili mbili na kila kimoja cha vidole vinne vingine kina tatu. Mfupa haujisogezi wenyewe. Husogezwa na msuli, na msuli unajua kazi moja tu, nayo ni kuvuta kwa kujifupisha. Kwa kuwa hauwezi kusukuma, kila kiungo kinachokunjwa kinahitaji misuli ya pande mbili zinazopingana. Kwa vidole, misuli mikubwa ya kukunja imelala upande wa ndani wa kigasha, na ile ya kunyoosha iko upande wa nyuma.

Kinachofikisha mvuto huo kutoka kigashani hadi kwenye pingili ni kano, yaani zile nyuzi nyeupe, ngumu, zinazofunga msuli kwenye mfupa. Aliyewahi kuandaa miguu ya kuku amekwisha kuziona: ukishika uzi mweupe unaochomoza mahali mguu ulipokatwa na kuuvuta, vidole vya kuku hujikunja, ijapokuwa kuku mwenyewe amekwisha chinjwa na msuli uliokuwa ukiuvuta uzi huo umebaki upande wa paja. Katika mkono wa mwanadamu, kano hupita ndani ya ala laini yenye ute, na kwenye vidole hubanwa na pete za nyuzi ngumu zinazozizuia zisiinuke mbali na mfupa kidole kinapokunjwa. Mpango huu ni kama ule wa waya wa breki ya baiskeli, ambao huvutwa kwenye usukani, ukateleza ndani ya mpira wake, na kwenda kubana gurudumu kwa mbali.

Kila kidole, ukiacha gumba, hupokea kano mbili za kukunja. Ile ya juu huishia kwenye pingili ya kati, lakini kabla ya kufika hapo hupasuka sehemu mbili, na katikati ya mpasuko huo kano ya chini hupenya kwenda hadi pingili ya mwisho, yenye ukucha. Nimesoma mambo mengi kuhusu mwili, na bado sijaona mpangilio unaonistaajabisha kuliko huu.

Faida yake ni kubwa. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, na msuli huzidi kunenepa unapojifupisha. Misuli ya kutosha kubeba ndoo iliyojaa maji, kama ingewekwa ndani ya vidole, ingevifanya vinene na vizito kiasi cha kushindwa kushika sindano au kufunga kifungo cha shati. Kwa kukaa kigashani, misuli hiyo inaviachia vidole wembamba na wepesi bila kuvinyima nguvu. Kazi za ustadi zaidi, kama kutanua vidole na kuvikutanisha, husaidiwa na misuli midogo iliyo ndani ya kiganja, na kile kinundu kilicho chini ya gumba ni misuli ya gumba lenyewe.

Mpangilio huu una mipaka yake pia. Weka kiganja juu ya meza, kunja kidole cha kati kuelekea ndani hadi pingili yake ya kati iguse meza, kisha jaribu kuinua vidole vingine kimoja kimoja. Cha shahada kitainuka, na cha mwisho pia, kwa sababu kila kimoja kina msuli wake wa ziada wa kunyoosha. Kidole cha pete hakina, na kano yake imeunganishwa na kano za jirani zake kwa vijitepe nyuma ya kiganja. Kwa hiyo, kwa watu wengi, hugoma kabisa.

Jambo linalopaswa kujulikana zaidi ni hatari iliyopo kwenye kifundo. Hapo kano tisa za kukunja na neva moja kubwa hupita pamoja katika njia nyembamba. Njia hiyo ikivimba, neva hubanwa na mtu huhisi ganzi kwenye gumba, kidole cha shahada na cha kati. Na panga au kioo kikikata kifundo, vidole vinaweza kushindwa kukunjika ingawa havikuguswa. Kano iliyokatwa haijiungi yenyewe, kwani msuli huuvuta mwisho wake kuelekea kigashani, na hivyo majeruhi anahitaji kufikishwa mapema kwa daktari wa upasuaji ili iunganishwe.

Wakati mwingine daktari hulazimika kupandikiza kano nyingine, na mara nyingi huichukua kigashani humohumo. Gusanisha ncha ya gumba na ya kidole cha mwisho, kisha kunja kifundo kidogo: uzi unaosimama katikati ndiyo hiyo. Baadhi ya watu wamezaliwa bila kano hiyo, mkono mmoja au yote miwili, na mikono yao hufanya kazi zote kama kawaida, ndiyo maana daktari huthubutu kuiondoa.