Yellowstone haijachelewa kulipuka

Nimetumiwa tena ule ujumbe wa sauti: volkano kubwa ya Yellowstone, Marekani, hulipuka kila miaka 600,000, mara ya mwisho ilikuwa miaka 640,000 iliyopita, kwa hiyo imepitiliza, Marekani itafunikwa na majivu na sisi huku tutakufa njaa. Safari hii aliyenitumia ni mwalimu wa jiografia, na ameshawasomea wanafunzi wake. Basi tulizungumze hadharani.

Hesabu kwanza, haraka. Milipuko mitatu iliunda kaldera pale, yaani mashimo makubwa yanayobaki ardhi inapobomoka baada ya mlipuko: miaka milioni 2.08 iliyopita, milioni 1.3, na 631,000. Ukitoa, unapata vipindi viwili, kimoja karibu miaka 780,000 na kingine karibu 670,000. Wastani wake ni kama 725,000. Hata kwa mantiki ya ujumbe huo, bado kuna karibu miaka 90,000 mbele.

Lakini hesabu mbovu ni jambo dogo. Kinachoniudhi ni imani kwamba wastani wa vipindi viwili unatufundisha kitu. Vipindi viwili! Tena mlipuko wa katikati ulitoa kilomita za ujazo 280 hivi, mbali kabisa na kizingiti cha 1,000 ambacho sisi wataalamu wa volkano tunakitumia ili kuuita mlipuko mkuu, wakati ule wa kwanza ulitoa karibu 2,450. Uondoe huo wa katikati, kama kanuni zetu wenyewe zinavyodai, na unabaki na kipindi kimoja. Utatafuta wastani wa nini? Na tangu miaka 631,000 iliyopita volkano haikukaa kimya. Lava imemwagika mara nyingi, mara ya mwisho kama miaka 70,000 iliyopita, na hakuna aliyetuma ujumbe wa sauti kwa sababu hiyo.

Hapa lazima niwageukie wenzangu pia. Tunapenda kuwatuliza watu kwa kusema uwezekano wa mlipuko mkuu Yellowstone ni 1 kati ya 730,000 kwa mwaka. Namba hiyo imetoka wapi? Imetoka kwenye vipindi vile vile viwili. Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, linakiri wazi kwamba msingi wake ni mwembamba, ila namba inaponukuliwa kwingine onyo hilo huachwa nyuma. Hatuwezi kumkemea mwalimu kwa kutumia wastani huo kutisha, kisha sisi tukautumia kutuliza. Mimi nimeacha kuitaja.

Swali lenye maana ni hili: chini pale kuna nini sasa? Watu hudhani kuna ziwa la moto linalochemka. Hakuna. Kwa sehemu kubwa ni fuwele zilizosongamana, na majimaji ya mwamba, yaani magma, yamebaki kwenye nafasi kati yake, kama wali wa nazi uliokaukiwa: punje zimegusana, tui limebaki kidogo. Kitu cha namna hiyo hakilipuki, kwa sababu hakiwezi kutiririka. Utafiti wa mawimbi ya matetemeko uliochapishwa 2022 ulikadiria kuwa sehemu iliyoyeyuka ni asilimia 16 hadi 20, juu kuliko makadirio ya awali, na vyombo vya habari vikapiga yowe. Ili mchanganyiko uanze kusogea kwa urahisi unahitaji kama asilimia 40. Vipimo vya umeme na sumaku vya 2025 vikaongeza kuwa magma hiyo imegawanyika katika mifuko mbalimbali, na ule wa kaskazini mashariki ndio unaoendelea kupashwa joto kutoka chini.

Sasa mashaka yangu. Asilimia 20 ni wastani wa eneo la kilomita nyingi, maana picha za mawimbi hazioni vitu vidogo. Mfuko mmoja ulioyeyuka kwa asilimia 60 unaweza kujificha ndani ya wastani huo. Siamini kwamba upo mkubwa wa kutosha kutoa kilomita za ujazo 1,000, lakini mfuko wa kutoa mlipuko wa kawaida siwezi kuukana kwa kiapo. Halafu kuna kasi. Fuwele za mlipuko wa miaka 631,000 iliyopita zina matabaka yanayoashiria kwamba magma mpya iliingia na kuamsha mambo ndani ya miongo au karne chache tu. Kwa jiolojia, hiyo ni kufumba na kufumbua. Na mlipuko mkuu wa mwisho duniani, wa Taupo huko New Zealand, ulitokea zaidi ya miaka 25,000 iliyopita. Hakuna chombo kilichowahi kurekodi dalili za mlipuko wa aina hii, kwa hiyo orodha yetu ya dalili tumeiazima kutoka volkano ndogo.

Matetemeko nayapitia haraka: Yellowstone hupata kati ya 1,500 na 2,500 kwa mwaka, na ardhi ilinyanyuka kama sentimita 25 kati ya 2004 na 2010, kisha ikaanza kushuka. Ndiyo pumzi yake ya kawaida.

Kuhusu njaa yetu: majivu ya volkano ya Toba, Sumatra nchini Indonesia, ya miaka 74,000 hivi iliyopita, yamekutwa kwenye matope ya chini ya Ziwa Nyasa. Watafiti walioyachapisha 2013 hawakuona dalili ya baridi kali ziwani baada yake. Si kinga kwa mlipuko ujao, lakini wanaohubiri maangamizi waanze kwa kueleza matope hayo.

Volkano ninayoifuatilia kwa wasiwasi ni Campi Flegrei, kando ya Naples nchini Italia, ambako watu kama 500,000 wanaishi ndani ya eneo jekundu, yaani eneo la kuhamwa mlipuko ukikaribia. Mwaka 1982 hadi 1984 ardhi ya Pozzuoli, mji ulio ndani ya volkano hiyo, ilipanda karibu mita 1.8, watu 40,000 wakahamishwa, na hakuna kilicholipuka. Mwaka 1538 kulilipuka, kilima cha Monte Nuovo kikaota ndani ya siku chache. Tangu 2005 ardhi inapanda tena, na wataalamu tunabishana: ni magma, au ni gesi na maji moto? Mimi naegemea gesi na maji moto kwa sehemu kubwa. Lakini kila msukumo hudhoofisha mwamba wa juu, kwa hiyo kiwango cha kupanda kilichokuwa salama 1984 huenda kisiwe salama leo, na mstari mpya wa hatari hakuna kati yetu anayeweza kuuchora kwa uhakika.