Palizi ya ng'ombe ya kujitengenezea: jua chuma kabla ya kuchomelea

Wakulima wengi wanaokuja karakanani kwangu kujifunza ufundi wa chuma wanataka kushika mashine ya kuchomelea siku hiyohiyo. Nawaelewa. Kwetu Usukumani ng'ombe wapo na plau ipo, kulima si tatizo. Kazi ipo kwenye palizi. Mvua ikikolea, magugu yanayazidi mahindi mbio, na jembe la mkono haliyawahi. Palizi ya kukokotwa, yaani chombo chenye meno kinachovutwa na ng'ombe kupalilia kati ya mistari, inaokoa msimu, na mkulima mwenye bidii anaweza kuiunda mwenyewe. Ila mimi humpeleka kwanza kwenye rundo la chuma chakavu, kwa sababu palizi nyingi za kujitengenezea haziharibikii kwenye maungio. Zinaharibikia kwenye meno.

Fletiba ya dukani, yaani kile chuma bapa cha kawaida, ni chuma laini, kaboni yake ni kama asilimia 0.2. Inapinda vizuri, inachomeleka vizuri, na kwa fremu inatosha kabisa. Ukiifanya meno, udongo wa kichanga unaila upesi, na hata ukiichoma ikawa nyekundu ukaizamisha, haipati ugumu wa maana. Meno yanataka springi bapa ya lori. Hiyo kaboni yake inakaribia asilimia 0.6, ndiyo maana inakubali kukomazwa kwa moto.

Utavitofautishaje vyuma viwili vyenye kutu ileile? Kwa cheche. Simama kivulini, vaa miwani, gusisha kipande kwenye grenda. Chuma laini hurusha cheche ndefu zilizonyooka, chache tu zinapasuka mwishoni. Springi hurusha fupi zaidi, zinazopasuka na kutawanyika kwa wingi. Mwanafunzi akishaweza kutenga vipande kwa cheche peke yake, ndipo namwashia mkaa.

Springi ikiwa nyekundu hukubali nyundo, kwa hiyo kata, pinda na kunja meno ikiwa kwenye hali hiyo. Ugumu unakuja mwisho. Weka sumaku karibu. Chuma kikifika nyuzi 770 hivi sumaku inakiachia; kiache kipate moto zaidi kidogo, kisha kizamishe kwenye mafuta. Maji huipasua springi. Mimi natumia mafuta ya kupikia yaliyokwisha kazi, si oili chafu ya injini, maana moshi wake ni sumu.

Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza, na jino likigonga jiwe linavunjika vipande viwili. Wakati huo ni gumu lakini halina uvumilivu. Lisugue kwa msasa mpaka ling'ae, kisha lipashe polepole ukianzia upande wa nyuma, mbali na makali. Utaona rangi zikitembea juu ya chuma: manjano, kahawia, zambarau, halafu bluu. Kwa shamba lenye mawe subiri bluu ifike kwenye makali, uliondoe. Hatua hii naipenda kuliko zote, na sijaona mkulima aliyeiona mara ya kwanza akabaki kimya. Ujuzi wa moto si mgeni huku kwetu: majembe ya Warongo, wafua chuma wa kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, yaliuzwa hadi Usukumani kabla ya majembe ya viwandani kutufikia.

Kuchomelea sasa ni kwa ajili ya fremu. Kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 na ampia 70 hadi 90 vinatosha, vijiti vikiwa vikavu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanafundisha uchomeleaji vizuri, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, ina ofisi mikoani za kukuelekeza. Usichomelee pipa lililokaa petroli, hata kama limeoshwa, linalipuka. Bomba lenye zinki liondolee zinki kwanza, moshi wake unaleta homa.

Meno yenyewe yafunge kwa bolti. Ukiyachomelea, moto unaharibu ugumu ulioutafuta na springi inapata ufa pembeni mwa kiungo. Bolti pia inakuruhusu kugeuza jino lililolika bila kuita mtu.

Panga meno matatu kwa pembetatu, moja mbele na mawili nyuma, magugu yapate pa kupita. Mistari ya mahindi ikiwa sentimita 75, upana wa palizi uwe 45, mmea ubaki na 15 kila upande. Toboa matundu kadhaa kwenye fremu ili uweze kubana au kupanua kadiri mahindi yanavyokua.

Nira ya plau haifai hapa, ni fupi. Ng'ombe wawili wanatakiwa watembee katika nafasi mbili zinazopakana na ile unayopalilia, kwa hiyo kutoka katikati ya shingo moja hadi nyingine kuwe na sentimita 150. Na uwafunge vikapu mdomoni, la sivyo watakula mahindi njia nzima.