Kukolea si weusi

Neno "kukolea" likitumiwa kumaanisha weusi, safari hii nimelisikia kwa fundi wa kushona mzuri kabisa, mama ambaye mshono wake umenyooka kuliko rula. Alikuwa akiwaelekeza wenzake walioanza kwilti yao ya kwanza, yaani tandiko la vipande vya nguo vilivyounganishwa, kwa mabaki ya vitenge: "Upande huu wekeni vilivyokolea, upande huu vilivyofifia." Wakafanya kama walivyoambiwa. Mmoja wao akachagua kitenge cha manjano, ile manjano ya bizari inayokuita kutoka ng'ambo ya barabara, akakiweka upande wa vilivyokolea. Hakukosea. Manjano ile ilikuwa imekolea hasa. Lakini mraba wake ulipounganishwa na mingine, ukawa kama pengo mdomoni. Mstari mweusi uliokuwa ukishuka vizuri kutoka pembeni ulifika pale ukapotea, ukaibukia mraba wa pili yake.

Fundi alimlaumu mwanafunzi. Mimi nalilaumu neno.

Tuyamalize ya maana upesi. Rangi yoyote ina mambo matatu. Kwanza jina lake: nyekundu, kijani, zambarau. Pili weusi au weupe wake, yaani ungeiona imesimama wapi kati ya chokaa na mkaa kama ungepiga picha isiyo na rangi. Tatu ukolevu wake, yaani nguvu ya rangi yenyewe kabla haijazimuliwa na kijivu. Mwalimu wa uchoraji wa Boston, Albert Munsell, aliyatenga matatu haya rasmi mwaka 1905 na akayapangia ngazi, nyeusi ikiwa 0 na nyeupe 10. Wapaka rangi na watu wanaopima udongo bado wanamtumia. Basi, maana ndiyo hiyo.

Sasa neno lenyewe. Kukolea ni neno la jikoni. Mchuzi umekolea chumvi, chai imekolea sukari. Kutoka jikoni limetembea mbali: moto hukolezwa, usingizi hukolea, mapenzi hukolea mpaka mtu akasahau kurudi kwao. Kote huko maana ni moja, kitu kimeingia cha kutosha na kimeshika. Hakuna mahali ambapo neno hili limebeba giza. Mchuzi uliokolea chumvi hauwi mweusi, na ukiwa mweusi basi umeungua.

Giza limeingilia wapi? Nadhani kwenye kutia rangi nguo. Chukua kaniki. Kadiri unavyoizamisha kwenye nili, ndivyo inavyokolea, na ndivyo inavyozidi kuwa nyeusi. Mambo mawili yanakwenda pamoja, kwa hiyo jicho halina sababu ya kuyatenganisha, na ulimi pia haukuona sababu. Lakini chukua kitambaa hichohicho ukakitie kwenye bizari. Kiloweke asubuhi, kiloweke jioni, ongeza bizari mpaka duka liishiwe. Kitakuwa cha manjano zaidi na zaidi, na bado kitabaki upande wa mwanga. Kwenye ngazi za Munsell, manjano hufikia ukolevu wake wa juu kabisa ikiwa karibu na 8, jirani ya nyeupe, ilhali buluu hufikia wake chini ya 5. Ndiyo maana mwenye nili hakuwahi kuona tofauti, na mwenye manjano akaonekana mjinga.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba neno sahihi tunalo, -eusi na mwenzake -eupe, na ni la zamani kuliko mengi ya rangi tuliyonayo. Hesabu mwenyewe. Rangi zinazobeba viambishi kama vivumishi vya kwetu ni tatu tu: -eusi, -eupe, -ekundu. Zilizobaki tumeziazima kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda lake, machungwa, ugoro, damu ya mzee. Hata neno rangi lilikuja na merikebu, Waajemi na Wahindi husema rang. Na mbili kati ya zile tatu, -eusi na -eupe, hazikuwahi kufungwa kwenye mkaa na chokaa. Ukisema "yule binti mweupe, mdogo wake mweusi," hakuna anayewaza chaki. Wote wawili ni kahawia. Mmoja yuko karibu zaidi na mwanga, mwingine karibu zaidi na giza, na katikati yao tuna maji ya kunde. Usiku tunasema kweusi, kukipambazuka tunasema kweupe, na hapo hakuna rangi hata moja inayohusika.

Tena -eupe ya watu ina adabu moja ambayo kwilti inaihitaji sana: haisimami peke yake. Binti anayeitwa mweupe nyumbani kwao akiolewa ukoo mwingine anaweza kukuta yeye ndiye mweusi wa familia. Kitambaa ni vilevile. Samawati ukiiweka karibu na nyeupe ni nyeusi, ukiiweka karibu na nili ni nyeupe, na haijaguswa. Mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul aligundua hilo kwa njia ya malalamiko. Alikuwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris, na watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za pale zilikuwa hafifu. Alipozichunguza akakuta nyuzi hazina kosa. Kilichozifanya zionekane hafifu ni rangi zilizofumwa kando yake. Akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kikatoka 1839.

Kwenye kwilti, sasa. Mtindo waliokuwa wakiushona akina mama wale Wamarekani wanauita Log Cabin, nyumba ya magogo, na ulishika kasi kwao miaka ya 1860. Katikati ya mraba kuna kipande kidogo, kwa mazoea chekundu, wanasema ndiyo meko ya nyumba. Kukizunguka unashona vipande virefu vyembamba, kimoja baada ya kingine, kama magogo yanavyopandishwa ukutani. Magogo ya pande mbili zinazopakana yawe meusi, ya pande mbili nyingine yawe meupe. Ukimaliza, mraba umegawanyika kwa mshazari: pembetatu ya giza, pembetatu ya mwanga. Utamu wote unaanzia hapo. Kutanisha miraba minne kwa pembe zake nyeusi, umepata umbo la almasi, la giza. Igeuze ikutane kwa pembe nyeupe, almasi inawaka. Ipange yote ikitazama upande mmoja, yanatokea matuta ya shamba, na Wamarekani wanauita mpangilio huo hivyohivyo, mtaro ulionyooka wa plau. Na ukiamua tangu mwanzo kwamba meusi yakae pande zinazotazamana badala ya zinazopakana, ule mshazari unatoweka, zinakuja ngazi, nao huo wanauita ngazi za mahakama. Vipande ni vilevile kwa idadi na kwa upana. Kilichohama ni weusi tu.

Jambo lililomfunga yule mama wa kitenge cha manjano ndilo hili: hapo jina la rangi halina kazi. Upande wa giza unaweza kuchanganya kahawia, nili, kijani cha msitu na damu ya mzee kwa fujo upendayo, na mchoro usitetereke. Manjano moja tu ikiingia, nyumba inatoboka.

Kuna mfano mkali zaidi. Shona almasi tatu zikutane kwa ncha zao butu, moja nyeupe, moja ya kati, moja nyeusi, urudierudie kitanda kizima kwa mpangilio huohuo. Utaona masanduku yamepangwa, yana juu na ubavu, mtoto atataka kuyapanda. Sakafu ya jumba moja kubwa la Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, ina masanduku hayohayo kwa mawe. Sasa chukua almasi zilezile, bila kugusa mkasi, na uzipe weusi mmoja zile sita zinazokutana kwa ncha kali. Masanduku yamekwenda. Unatazama nyota.

Namna ya kujua kitambaa chako kiko wapi ni rahisi, na haihitaji Munsell. Kipige picha kwa simu pamoja na wenzake, kisha ondoa rangi kwenye picha. Au simama hatua tano ufinye macho mpaka majina ya rangi yafifie. Usifanye hivyo magharibi, taa haijawashwa, kwa sababu mwanga ukipungua nyekundu huingia giza kabla ya buluu na utadanganyika. Vitenge vina ukorofi wake: ua moja kubwa lina nyeupe, nili na machungwa kwa pamoja, na ukikata kipande cha sentimita nne unaweza kupata mwisho mmoja mweusi na mwingine mweupe. Kitenge kama hicho usikiulize kinaitwaje dukani, kiulize baada ya kukikata. Wengine hukitupa kapuni. Mimi hukihifadhi kwa ajili ya meko ya katikati, ambako kinaweza kupiga kelele kinavyotaka.

Simwambii mtu aache kusema kitambaa kimekolea. Kama unachotaka ni manjano ya bizari badala ya manjano ya siagi, sema imekolea, hakuna neno bora. Ila ukigawa mraba pande mbili, omba vyeusi na vyeupe. Siku ya kwanza atatokea mtu akuletee kitambaa cheusi tii, kaniki ya msibani. Usicheke. Mpe kile cha zambarau, kiweke juu ya kile cha manjano, umwambie, "Dada, nilimaanisha cheusi kuliko hiki."