Je wajua: mwekezaji anajuaje statapu, yaani kampuni changa, itatoboa wakati bado haina hata faida?

Mwaka 2011 hivi, sisi huku tukiwa bado tunahesabu meseji za ofa zilizobaki kabla ya saa sita usiku, kuna kampuni ya uwekezaji kule California inaitwa Sequoia ilikuwa na kimtambo chake cha ndani walichokibatiza Early Bird. Kazi ya hicho kimtambo ilikuwa kukodolea macho duka la apu la Apple kwenye nchi kama 60, apu gani imepanda leo, ipi imeporomoka. Sasa kikawa kinaonyesha kitu cha ajabu: kuna apu ya kutumiana meseji inashika namba moja au mbili kwenye nchi kama 35, ila Marekani kwenyewe wengi hata hawaijui. Ndo WhatsApp hiyo. Na ofisi yake haikuwa mbali, ilikuwa Mountain View, hapo hapo California.

Ukiwaza vizuri unaona kwa nini jirani hakuiona. Mmarekani meseji alikuwa anazipata kwenye kifurushi chake cha mwezi, anatuma mpaka anachoka, kwa hiyo hakuna kilichokuwa kinamuuma. Anayeumia ni yule anayelipia kila meseji, tena ndo usiombe iwe inavuka mpaka kwenda kwa shemeji Oman. Mwekezaji anayetegemea kuuliza marafiki zake wa California asingeiona WhatsApp hata kidogo, zile namba za nchi 35 ndo zilizomuamsha.

Wengi tunadhani hawa jamaa wanapiga ramli, au wanampa hela kijana kwa sababu anaongea vizuri. Ipo hiyo, tusidanganyane. Ila chini yake kuna mahesabu, na mahesabu yenyewe hayafanani na ya benki. Benki inataka hati ya nyumba, kadi ya gari, mdhamini. Statapu ina watu wawili, laptop mbili na bando. Mwekezaji wa mwanzo hakukopeshi, ananunua hisa, kwa hiyo ukifa umekufa naye.

Na wanakufa wengi. Correlation Ventures, kampuni ya uwekezaji ya huko huko Marekani, ilikusanya rekodi za mitaji zaidi ya 21,000 iliyowekwa kwenye kampuni kati ya 2004 na 2013. Kama asilimia 65 haikurudisha hata ile hela iliyoingia. Iliyorudisha mara 50 au zaidi ilikuwa asilimia 0.4, yaani katika kila 1,000 ni 4 tu. Shika hizo namba mbili kichwani maana ndo zinaeleza tabia zao zote ambazo mtu wa nje anaona ni wazimu. Huyu mtu hatafuti biashara nzuri ya kumrudishia hela yake na kafaida kidogo, duka la jumla la Kariakoo linaloingiza vizuri kila mwezi halimsisimui kabisa, anataka ile moja itakayolipia makaburi ya zingine zote. Kwa hiyo anachotafuta kwenye data ni dalili za kitu kinachoweza kukua bila kuomba ruhusa.

Dalili ya kwanza ni kasi. Y Combinator, kampuni ya Marekani ya kulea statapu iliyoanza 2005 na ambayo siku hizi inampa kila anayechaguliwa dola 500,000, ilizoea kuwapima vijana wake kwa wiki. Paul Graham, mmoja wa waanzilishi, alikuwa anasema ukikua asilimia 5 mpaka 7 kwa wiki uko vizuri, 10 ni balaa, ukiwa na 1 bado hujajua unafanya nini. Inaonekana tofauti ndogo eti? Chukua wateja 100. Asilimia 1 kwa wiki, baada ya mwaka una kama 168. Asilimia 7, una kama 3,370. Asilimia 10, unapita 14,000. Hapo ndo utaelewa kwa nini mtu anakuuliza wiki iliyopita ilikuwaje wakati wewe umekuja na mpango wa miaka mitano uliopambwa rangi.

Shida ni kwamba kasi inanunulika. Weka ofa ya safari ya kwanza bure kwenye apu ya bodaboda uone, mji mzima utajiunga, na kesho yake wanafuta apu kupunguza nafasi kwenye simu. Ndo maana mwekezaji anayejua kazi yake akionyeshwa jumla ya waliodaunlodi anapiga miayo. Yeye anataka kuona marika.

Rika ni hivi. Unachukua wote waliojiunga Januari unawaweka kundi lao, wa Februari kundi lao, halafu unafuatilia kila kundi kivyake, mwezi wa kwanza wamerudi wangapi, wa pili wangapi, wa sita wangapi. Tuseme apu mbili zote zimepata watu 1,000 Januari. Ya kwanza mwezi unaofuata wamerudi 400, halafu 320, halafu 300, na mwezi wa sita bado wapo 290. Ya pili wamerudi 600, watu wanashangilia, halafu 250, halafu 80, mwezi wa sita wamebaki 15. Mwezi wa pili ungeweka hela kwenye ya pili, si ndio? Ila ukichora grafu, ya kwanza mstari unashuka, unafika mahali unalala. Kuna watu pale wameshaifanya sehemu ya maisha yao. Ya pili ni ndoo inayovuja, kila mwezi unachota upya.

Mama ntilie anaijua hii hesabu bila grafu. Hawezi kukwambia mwaka huu amehudumia watu wangapi, ila anajua fundi yupi hajaonekana toka Jumatatu.

Turudi kwa WhatsApp. Facebook walipoinunua 2014 walitangaza ina watumiaji zaidi ya milioni 450 kwa mwezi, na asilimia 70 ya hao wanaifungua kila siku. Milioni 450 ni namba ya kutisha lakini kwangu mimi ile 70 ndo inatisha zaidi, maana apu za kawaida mtu unazo 40 kwenye simu na unazogusa kila siku hazizidi vidole vya mkono mmoja. Jim Goetz, yule wa Sequoia aliyeifukuzia, alieleza dili lote kwa namba nne: 450, 32, 1 na 0. Hiyo 450 tumeshaiona. 32 ni wahandisi, yaani kila mmoja kabeba watumiaji kama milioni 14 mgongoni. 1 ni dola moja kwa mwaka ambayo mtumiaji alikuwa anatozwa. Na 0 ni hela waliyotumia kujitangaza. Sifuri kabisa, hata bango hakuna.

Hiyo sifuri ndo inatupeleka kwenye hesabu inayoua statapu nyingi, ya kumpata mteja mmoja inakugharimu shilingi ngapi na huyo mteja atakuachia shilingi ngapi mpaka siku anaondoka. Ukitumia 15,000 kumleta, anakuachia 4,000 kwa mwezi halafu anakaa miezi miwili, umepata hasara ya 7,000, na kadri unavyokua ndo unazidi kuumia. Kukua kwenyewe kunakuwa ugonjwa. Nairobi kulikuwa na Kune Foods, walikuwa wanapika na kupeleka chakula cha tayari kwa bei kama dola 3 sahani. Walipata mtaji wa dola milioni 1 mwaka 2021, wakauza zaidi ya sahani 55,000 kwa wateja zaidi ya 6,000, ukiangalia hivyo unasema hawa wametoboa. Juni 2022 wakafunga. Mwanzilishi mwenyewe alieleza kwamba hizo dola 3 hazikutosha kubeba ukuaji wao, vyakula vimepanda bei na mtaji mwingine haukupatikana. Walaji walikuwepo, kilichokosekana ni kinachobaki baada ya kila sahani.

Kuna kamchezo kengine hapa ka kuangalia. Mtu anakuja anasema mwezi huu tumepitisha milioni 100, kumbe hizo ni hela za bidhaa za watu wengine zilizopita tu kwenye apu, yeye amebaki na milioni 5 ya kamisheni, na humo humo amelipa bodaboda na wa huduma kwa wateja. Sio uongo ila sio ukweli pia. Ndo maana huku kwetu mwekezaji aliyewahi kuungua hataki slaidi, anataka taarifa ya benki na miamala ya Lipa Namba au till, aone hela ikiingia siku kwa siku, maana rekodi ya mtandao wa simu huwezi kuipamba kirahisi kama slaidi.

Na watu wanapamba kweli, tena sio huku tu. JPMorgan Chase, benki kubwa kabisa ya Marekani, mwaka 2021 ilinunua statapu inaitwa Frank, ya kusaidia wanafunzi kuomba msaada wa ada, kwa dola milioni 175. Waliambiwa ina wanafunzi zaidi ya milioni 4. Baadae ikagundulika walikuwa kama 300,000 hivi, orodha nyingine ilitengenezwa na kompyuta, majina hewa kama wafanyakazi hewa wetu. Mwanzilishi alikutwa na hatia mahakamani New York mwaka 2025. Sasa kama benki yenye jeshi la wakaguzi ilipigwa, wewe mwenye milioni 20 zako za kuweka kwenye apu ya shemeji ongeza umakini kidogo.

Sasa hayo yote ni pale ambapo data ipo. Vipi kama statapu ina wiki tatu, haina mteja hata mmoja? Hapo wanaanza kusoma alama za pembeni. SignalFire ya California ina mfumo wake unaitwa Beacon, EQT ya Sweden ina wake unaitwa Motherbrain, inapitia mambo ya wazi kwenye intaneti, nani ameacha kazi kampuni kubwa, kampuni gani ndogo imeanza kuajiri ghafla, vitu kama hivyo. Kuna waliokwenda mbali kabisa, mwaka 2014 kampuni ya Hong Kong inaitwa Deep Knowledge Ventures ilitangaza imeiweka programu ya kompyuta iitwayo VITAL kwenye bodi, nayo ina kura yake. Mimi naona ile zaidi ilikuwa ni kutafuta kuandikwa magazetini, na waliandikwa kweli.

Hapa ndo pana tatizo ninaloliona mimi. Mashine inajifunza kwa waliofanikiwa jana, na waliopewa hela jana wengi ni vijana wa kiume waliosoma Stanford na vyuo vya aina hiyo. Kwa hiyo itakuletea wanaofanana nao. Binti wa Mbeya anayeuza mbegu kwa oda za WhatsApp, rekodi zake ziko kwenye daftari la mistari, kwa hiyo mtambo kama Motherbrain hauna mahali pa kumuona. Sio kwamba ana data mbaya, data yake haijawahi kuingia kwenye kompyuta.

Na hata binadamu wenyewe namba ndogo zinawachanganya. Airbnb, wale wa kupangisha wageni vyumba vya majumbani kwa watu, mwaka 2008 walikuwa wanatafuta dola 150,000 tu kwa asilimia 10 ya kampuni. Walitambulishwa kwa wawekezaji saba, watano wakakataa, wawili hawakujibu hata meseji, mwanzilishi Brian Chesky alikuja kuzianika zile barua pepe za kukataliwa mwaka 2015. Kwa data ya siku ile walikuwa na haki ya kukataa, nani alale kwenye godoro la mtu asiyemjua?

Snapchat nayo haikugunduliwa na mtambo. Jeremy Liew alikuwa mwekezaji kwenye kampuni inaitwa Lightspeed, na mfanyakazi mwenzake pale alikuwa na binti wa sekondari, huyo binti ndo aliyesema shuleni kwao apu zinazotamba ni tatu, Angry Birds, Instagram na hiyo Snapchat ambayo hao wazee walikuwa hawajawahi kuisikia. Liew akaifukuzia mpaka akaweka dola 485,000 mwaka 2012. Sampuli ya shule moja, jamani.

Tukimalizia WhatsApp, kimtambo kilishaonyesha nchi 35, sasa kazi ikawa kuwapata wenyewe. Waanzilishi Jan Koum na Brian Acton hawakuwa wanahitaji wawekezaji, marafiki zao wa zamani wa Yahoo walishawachangia dola 250,000 na hela walikuwa wanaingiza, na mlangoni hawakuweka hata kibao cha jina. Goetz alihangaika kama miezi minane kutafuta wa kumuunganisha, ikafika mahali watu wa Sequoia wanazunguka mitaa ya Mountain View kwa miguu wakitafuta hiyo ofisi iko jengo gani. Wakawapata, wakaweka dola milioni 8 mwaka 2011, wakaongeza tena 2013, na mwaka uliofuata Facebook akaja na dola bilioni 19.