Kwa nini Waaborijini wa Sydney huiona raga kuwa sehemu ya afya?

Mwaka 1971 Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, wa Redfern, mtaa ulio karibu na katikati ya jiji la Sydney, walianzisha kituo cha afya. Mwaka huohuo wakaanzisha mashindano ya raga. Mambo hayo mawili yalitoka katika shida za watu walewale: kudharauliwa na kutawanyika.

Redfern ilikuwa imejaa familia zilizohamia mjini kutoka vijijini na kwenye makambi ya serikali na ya wamisionari, zikitafuta kazi. Wengine walikuwa wamechukuliwa na serikali kutoka kwa mama zao wangali wadogo, unyama uliodumu hadi miaka ya 1970. Bima ya afya ya taifa ilikuwa bado, na hospitalini walidharauliwa, kwa hiyo mtu aliona afadhali augulie nyumbani. Ndipo wakafungua kliniki yao katika chumba cha duka, madaktari wakijitolea, uamuzi ukiwa mikononi mwa Waaborijini wenyewe. Ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini. Leo vituo vinavyoendeshwa na jamii zao ni zaidi ya 140.

Mkakati wa kitaifa wa afya ya Waaborijini wa mwaka 1989 ulisema wazi: afya si mwili wa mtu mmoja tu, ni hali njema ya jamii nzima, pamoja na hisia na utamaduni wake.

Hapo ndipo raga inapoingia. Mashindano hayo ya mtoano, yaitwayo Koori Knockout (Koori ni jina ambalo Waaborijini wa eneo hilo hujiita), yalianza na timu 7 tu. Timu nyingi huundwa kwa ukoo na kwa asili ya watu, popote wanapoishi sasa. Kijana aliyezaliwa Sydney huvaa jezi ya kwao babu yake, akacheza bega kwa bega na binamu ambaye pengine hawajaonana mwaka mzima, huku mashangazi wakimshangilia kwa jina. Bingwa huandaa mashindano yanayofuata, kwa hiyo kila Oktoba ndugu hufunga safari kwenda kukutana.

Kumewahi pia kuandaliwa shindano la afya lililobeba jina la Knockout: jamii huunda timu, hufanya mazoezi na kupunguza uzito pamoja kwa wiki kadhaa, na fedha za ushindi huenda kwenye miradi ya afya ya jamii iliyoshinda. Hata asiyeweza tena kukimbia na mpira ana timu yake.