Kabla Uweke Sumu Kwa Shimo la Fuko

Juzi mama mmoja wa kule Bahati, hapa Nakuru, alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, "Daktari, karoti zangu zinaingia chini." Na alimaanisha hivyo tu, umesimama kwa shamba unaona majani yanavutwa polepole yanapotelea kwa udongo kama kuna mtu huko chini anavuna. Huyo ni fuko, yule panya wa kuchimba chini ya udongo. Udongo wetu wa Nakuru ni wa volkano, mwepesi, kuchimba ni raha, kwa hivyo kutoka Njoro hadi Subukia na kule Molo kwa watu wa waru (viazi) simu kama hizi haziishi (na mimi si daktari, nilisomea kilimo tu, lakini ukishauza dawa kwa agrovet jina hilo linakushika).

Ukiuliza Google utaletewa ushauri wa voles, wale panya wa mashamba ya Ulaya na Marekani ambao hutengeneza vijia juu juu chini ya nyasi, huzaana haraka, na wakati wa theluji hutafuna magome ya miti. Wetu ni mnyama mwingine kabisa. Fuko anaishi peke yake, isipokuwa mama akiwa na watoto. Yaani hayo marundo kumi na tano ya udongo yaliyokufanya ufikiri umevamiwa na jeshi, mara nyingi ni kazi ya mmoja tu.

Sasa kwa sababu ya mmoja huyo mtu ananunua sumu. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, mnyama anavuja damu kwa ndani siku kadhaa ndio afe, na akiwa hoi paka au mbwa au bundi anamla, sumu inaendelea na safari. Huyo mama alikuwa ameshazika mbwa wake. Na usiniulize ile dawa ya wadudu ya punje za zambarau, carbofuran. Ilianza kuondolewa madukani Kenya 2009 baada ya simba na tai kuuawa nayo, na kule Bunyala, magharibi mwa Kenya, kwa mashamba ya mpunga watu walikuwa wanaua ndege nayo halafu wanawauza kama kitoweo!

Mimi hufanya hivi. Natafuta rundo la udongo mbichi, wenye unyevu, nachimba hadi nipate njia yake, naiacha wazi. Fuko hapendi mwanga wala upepo kwa nyumba yake, atarudi kuziba. Ikikaa wazi hadi kesho, hiyo njia ameihama, tafuta ingine. Akianza kusukuma udongo, wewe umesimama kimya kabisa (anasikia mtikisiko wa miguu, kwa hivyo watoto wakae mbali), unapiga jembe nyuma yake, si juu yake, njia ya kurudi inakatika na unamtoa akiwa hai. Vaa glavu nzito, yale meno si mchezo, na umweke kwa debe la bati maana ndoo ya plastiki anaweza kuitafuna. Mpeleke mbali na mashamba ya watu, si kwa jirani tafadhali. Kama huna subira, tafuta mzee wa mitego ya fito na waya, mtego wake unaua lakini ukitegwa vizuri ni mara moja, bado ni afadhali kuliko sumu.

Lakini shimo likibaki tupu mwingine atahamia, na hapo ndio watu wanachoka. Kwa kitalu na karoti weka wayamesh ya matundu ya nusu inchi chini ya tuta na pembeni futi mbili kwenda chini. Ni gharama, ndio, sitakudanganya, kwa hivyo si ya ekari nzima. Sukuma panda kwa magunia. Chupa za kupiga kelele, moshi wa pikipiki, pilipili, sijaona zikimaliza wiki. Na yule mwewe mwenye mkia mwekundu anayekaa juu ya posti, mwache, fuko ni chakula chake, na bundi pia hata kama nyanya yako alisema analeta kifo.

Fuko wa kule Bahati tulimtoa saa nne. Mama aliinama juu ya debe, akamtazama kwa muda, macho madogo kama punje za uwimbi, akasema, "Kumbe ni haka tu?"